Njia ya Uha: Habari za Maisha ya Henry Morton Stanley

Mwezi huu twataka kuwasimulia habari za mtu mmoja ambaye jina lake lilivuma sana katika nchi zetu, naye amekwisha kufa zamani. Lakini kabla ya kumtaja, yatupasa kwanza kuwaonyesha nchi ambamo tutamtazama kwa karibu, maana watu wengi wamejua jina lake pasipo kujua alipita wapi, wala alipitaje.

Katika mkoa wa Kigoma, juu milimani, iko miji miwili, Kasulu na Kibondo. Yote miwili imo katika nchi ya Waha. Kasulu iko katika nchi iliyoitwa Heru tangu zamani, na Kibondo iko katika nchi ya Muhambwe, na kila nchi ilikuwa na Mwami wake. Mtu akitandaza ramani mezani na kupiga mstari ulionyoka toka mji mmoja hata wa pili, ataona kwamba mstari huo ni wa maili 80, yaani kilomita 130 hivi. Rubani wa eropleni ndogo, ile iendayo maili 150 kwa saa, huweza kuukata mwendo huo kwa muda wa nusu saa na dakika chache za kupaa na kushuka. Chini yake ataona vilima, misitu ya miombo, migomba na mashamba ya mihogo, na mito inayoteremka kwenda kuingia Malagarasi. Kisha atashuka kabla chai iliyomo katika chupa yake haijapoa.

Barabara haiwezi kuruka kama ndege. Huzunguka vilima na kutafuta vivuko, na kwa sababu hiyo urefu wake wapita maili 90. Katika miaka hii ya 2020 njia hiyo imekuwa ikitiwa lami, lakini kwa miaka mingi kabla ya hapo ilikuwa ya udongo, na wakati wa masika gari liliweza kukwama matopeni kutwa nzima. Na mtu wa zamani, ambaye hakuwa na gari wala baiskeli, akiwa amejitwika mzigo wa frasila mbili, alikwenda maili nane au kumi kwa siku. Basi kwake yeye Kibondo ilikuwa mwendo wa siku tisa au kumi toka Kasulu, kama hakuna aliyemzuia njiani.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo tunayotaka wasomaji wayaangalie: kama hakuna aliyemzuia. Kwa maana siku zile njia ilikuwa na kipimo kingine kisichoandikwa katika ramani. Msafiri aliuliza ni siku ngapi, kisha akauliza ni doti ngapi za nguo, na tena akauliza ni watu gani watakaobeba. Mtu aliyetuachia maandiko mengi juu ya kipimo hicho katika nchi ya Uha ni Henry Morton Stanley. Yeye hakufika Kibondo, wala njia yake haikupita Kasulu penyewe; alipita upande wa kusini wa Uha, kati ya mto Malagarasi na Ujiji, mwaka wa 1871. Lakini nchi ilikuwa ya Waha hao hao, na desturi ya njia ilikuwa ile ile.

Stanley hakuzaliwa na jina hilo. Alizaliwa tarehe 28 Januari 1841 katika mji wa Denbigh, nchi ya Wales, akaitwa John Rowlands. Mama yake hakuwa ameolewa, naye alimwacha mtoto mikononi mwa babu yake. Babu alipokufa, mtoto akawekwa nyumbani mwa watu waliolipwa ili wamtunze. Hata mwaka wa 1847, alipokuwa na umri wa miaka sita, akapelekwa katika nyumba ya maskini ya St Asaph. Nyumba hizo zilijengwa kwa ajili ya watu wasio na mtu wa kuwatunza, wazee, wagonjwa na yatima, na sheria zake zilikuwa kali. Hapo alikaa miaka tisa. Alijifunza kusoma na kuandika na kuchora ramani, akajifunza pia ya kuwa mtu asiye na ndugu hana wa kumtetea. Twaona ni vema wasomaji wakumbuke jambo hili, kwa maana alipokuwa mtu mzima aliogopa sana kudharauliwa, na mara nyingi hofu hiyo ilimfanya kuwa mkali kwa watu waliokuwa chini yake.

Alipokuwa kijana alipanda merikebu akavuka bahari mpaka New Orleans, katika Marekani. Huko ndiko alikotwaa jina la Stanley, akaliacha lile la kwanza. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipotokea Marekani, alipigana upande wa kusini, akatekwa katika vita vya Shiloh mwezi wa Aprili 1862, kisha akajiunga na upande wa kaskazini. Baadaye akawa mwandishi wa habari za magazeti. Mwaka wa 1868 alifuatana na jeshi la Waingereza katika Uhabeshi, naye akafaulu kupeleka habari za kushindwa kwa mfalme Theodoros kabla ya waandishi wengine wote. Tangu hapo akajulikana kuwa mtu awezaye kwenda mbali na kurudi na habari.

Wakati ule huko Ulaya na Marekani watu walikuwa wakiulizana juu ya Daktari David Livingstone, mmisionari na msafiri, ambaye alikuwa ameingia bara tangu 1866, na barua zake zilikuwa zimekoma. Mwenye gazeti la New York Herald, James Gordon Bennett, akamwita Stanley mjini Paris mwezi wa Oktoba 1869, akampa kazi ya kumtafuta. Stanley akafika Unguja tarehe 6 Januari 1871. Hakuwa amepata kusafiri barani Afrika ya mashariki, wala hakujua ni nguo kiasi gani zitakazotosha kwa njia. Hata ikamlazimu kuwauliza wafanya biashara Waarabu, ambao waliijua kazi hiyo.

Hapa yafaa tueleze kidogo jinsi msafara ulivyokuwa, kwa maana vijana wetu wa leo hawakuona. Barani hapakuwa na fedha iliyokubaliwa na watu wote. Chakula kilinunuliwa kwa nguo, kwa ushanga na kwa waya wa shaba. Kila nchi ilikuwa na ushanga wake iliyoupenda na nguo zake ilizozipenda, nayo ilikataa nyingine. Merikani, yaani ile nguo nyeupe iliyotoka Marekani, ilipendwa karibu mahali pote, na kaniki pia. Nguo zilihesabiwa kwa doti, na doti moja ni shuka mbili, yaani yadi nne. Mali hii yote haikuwa na kitu cha kuichukua isipokuwa vichwa na mabega ya watu, maana punda walikufa upesi kwa mbung'o. Basi Stanley alikusanya watu wapatao 190, akawagawanya katika misafara mitano, na msafara wake mwenyewe ukaondoka Bagamoyo tarehe 21 Machi 1871. Mkuu wa Waungwana wake, yaani watu wa Unguja waliobeba bunduki, alikuwa Sidi Mubarak Bombay, mzee wa safari, ambaye alikuwa amekwisha kufika Tanganyika pamoja na Burton na Speke mwaka wa 1858. Pamoja naye alikuwako pia Selim, kijana Mkristo Mwarabu wa Yerusalemu, mfasiri wake.

Hata walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, tarehe 23 Juni, watu wengi walikuwa wameugua au wamekufa au wametoroka. Wazungu wawili aliowaajiri kumsaidia, Farquhar na Shaw, wote wawili walikufa katika safari hiyo. Hapo Unyanyembe alikuta njia imefungwa, kwa sababu Mirambo, mtemi wa Urambo, alikuwa akipigana na Waarabu. Stanley akaingia katika vita hivyo upande wa Waarabu, nao wakashindwa vibaya. Basi akaona hapana budi kuzunguka kwa njia ya kusini, akaondoka tarehe 20 Septemba pamoja na watu hamsini na kitu.

Mwanzo wa Novemba walifika mto Malagarasi. Wenye mto walidai nguo kwanza kabla ya kutoa mitumbwi yao, na baada ya maneno mengi wakavuka. Punda wao mmoja, aliyeitwa Simba, alikuwa akiogelea nyuma ya mtumbwi kwa kamba, akakamatwa na mamba akazama machoni pao. Siku iliyofuata walikutana na wasafiri waliotoka upande wa Ujiji, nao wakawaambia ya kwamba Mzungu mzee mwenye ndevu za mvi alikuwa amefika Ujiji toka Manyema. Stanley akajua ni Livingstone. Tangu saa ile hakutaka kitu ila kwenda mbio, kwa kuwa aliogopa asije mzee huyo akaondoka tena.

Sasa mbele yake ilikuwako Uha. Toka mpakani hata Ujiji palikuwa mwendo wa siku chache tu. Laiti ingekuwa ni miguu peke yake, wangalifika bila taabu. Lakini katika Uha kila chifu wa njiani alikuwa na haki ya kudai hongo. Karibu na kijiji cha Kawanga akatokea mtware mmoja jina lake Mionvu, amevaa joho jekundu na kilemba, pamoja na watu wengi wenye mikuki na pinde. Akasema na wageni kwa adabu nyingi na kwa maneno yaliyopangwa vizuri, kisha akadai doti 100. Stanley akataka kutoa 10. Wakabishana kutwa. Stanley akawauliza watu wake kama wako tayari kupigana, nao wakamshauri alipe, kwa maana nchi ilikuwa wazi, na Waha walikuwa wengi. Mwisho akalipa doti 75, yaani yadi 300 za nguo, kwa siku moja ya njia.

Aliambiwa kwamba malipo hayo yamemaliza madai ya Uha yote. Lakini kesho yake, baada ya mwendo wa saa chache tu, akazuiwa tena na chifu mwingine, ndugu wa mfalme, aliyedai doti 30. Naye alimpunguzia kidogo sana. Tena akapata habari ya kwamba mbele wako machifu wengine watano, ambao si mbali mmoja na mwingine, na kila mmoja atataka chake. Akahesabu mali iliyobaki, akaona ya kuwa akienda njia ya halali atafika Ujiji mikono mitupu.

Katika kitabu chake Stanley aliyaita mambo haya unyang'anyi, na wasomaji wa Ulaya wakamsadiki. Sisi twaona imetupasa kutazama upande wa pili pia. Nchi ya Waha ilikuwa imepigwa vibaya na Watuta, tawi la Wangoni, katika miaka iliyotangulia. Chini yao, penye ziwa, palikuwa na Ujiji, soko la pembe na la watumwa, na misafara ya watumwa ilipita nchini mwao. Msafara wa watu wenye bunduki ulipopita, ulikula chakula cha nchi, ulikunywa maji yake, na hakuna aliyejua nia yake. Mwami na watware wake hawakuwa na boma la forodha wala karatasi za ruhusa. Hongo ndiyo iliyokuwa forodha yao na ruhusa yao. Msafiri aliyelipa alipita salama, na Stanley mwenyewe, baada ya kulipa, hakuibiwa wala hakupigwa. Kwamba walidai kupita kiasi, hilo ni kweli, na walijua ya kuwa mwenye haraka hulipa zaidi. Lakini nchi ilikuwa yao.

Basi Stanley akafanya shauri la kutoroka. Akapata mtu mmoja aliyeijua njia ya msituni, akamwahidi malipo. Wakanunua nafaka ya siku sita kwa siri. Usiku wa manane, tarehe 7 Novemba, wapagazi wakatoka kijijini wachache wachache, mizigo vichwani, bila taa na bila neno, wakaiacha njia kuu wakashika mwitu upande wa kusini. Nyasi na miiba ikawakata miguu. Hawakuthubutu kuwasha moto kwa kupika, wakala nafaka mbichi. Mchana walijificha walipoona watu, na usiku wakaendelea, wakavuka mto Rusugi wakiwa na hofu kwamba wachukuzi wa chumvi wa nchi hiyo watawaona.

Katika njia hiyo lilitokea jambo ambalo watu wengi walisomapo kitabu hulipita upesi. Mke wa mmoja wa Waungwana, aliyechoka na kushikwa na hofu, alianza kupiga kelele, naye hakuweza kujizuia. Kelele zile zingaliweza kuwaleta Waha na kuwaangamiza wote. Mumewe akachomoa silaha yake, akaomba ruhusa ya kumwua. Stanley akamzuia, lakini yeye mwenyewe akatwaa kiboko akamchapa yule mwanamke mpaka akanyamaza, kisha wakamfunga nguo kinywani na mikono yake nyuma, wakamwendesha hivyo. Jina lake Stanley hakuliandika. Tunayo majina ya punda wa msafara ule na ya mbwa wake, lakini jina la mwanamke huyu hatunalo.

Hatusemi haya ili kumhukumu mtu aliyekufa, maana usiku ule roho za watu hamsini zilikuwa hatarini, na mara nyingi mwenye kuongoza hana shauri jema mbele yake ila la kuchagua katika mabaya mawili. Lakini twauliza: ni nani aliyewatia hatarini? Waha hawakutaka damu; walitaka nguo. Njia ya halali ingaliweza kuchukua siku nyingi zaidi na kumaliza mali yake. Njia ya mkato ilimwokolea nguo, na bei ya nguo hizo ililipwa na miguu ya wapagazi na mgongo wa yule mwanamke.

Tarehe 9 Novemba walitoka Uha wakaingia Ukaranga, ambako watu waliwapokea vizuri. Na tarehe 10, siku ya 51 toka Unyanyembe na siku ya 234 toka Bagamoyo, wakapanda kilima wakaliona ziwa. Wakapiga bunduki kama desturi ya misafara, wakateremka Ujiji wakiwa na bendera mbele. Susi na Chuma, watumishi wa Livingstone, walikuja mbio kuwalaki, kisha Stanley akamwona mzee mwenyewe amesimama kati ya Waarabu, amekonda na uso umempauka. Wakasalimiana kwa heshima, na maneno ya salamu ile yamerudiwa na watu duniani mpaka yamekuwa kama mchezo, sisi hatutayarudia. Hiyo ndiyo tarehe iliyomo katika kitabu cha Stanley. Kwa hesabu ya Livingstone siku ile ilikuwa mwisho wa Oktoba, kwa maana homa iliwafanya wote wawili kupotewa na siku. Hivyo ndivyo bara lilivyowafanyia wasafiri: hata kalenda ilipotea njiani.

Stanley alimletea mfuko wa barua. Mfuko huo ulikuwa umeandikwa tarehe 1 Novemba 1870 huko Unguja, nao ulikuwa umelala Unyanyembe miezi mingi. Mwaka mzima ulikuwa umepita kabla ya barua hizo kumfikia mwenyewe.

Wale wawili wakakaa pamoja miezi minne. Wakapanda mtumbwi mpaka kaskazini ya ziwa, wakaona kwa macho yao ya kwamba mto Rusizi huingia Tanganyika wala hautoki. Kisha wakataka kurudi Unyanyembe pamoja. Na hapa wasomaji waangalie sana. Njia fupi ilikuwa ile ile ya Uha na Uvinza. Hawakuifuata. Tarehe 27 Desemba 1871 wakaondoka kwa mitumbwi, wakaenda kusini kando ya ziwa hata nchi ya Tongwe, wakashuka wakakata misitu isiyo na watu wengi, wakafika Unyanyembe tarehe 18 Februari 1872. Safari hiyo ya kuzunguka ilichukua siku 53. Ile ya kwanza, iliyokatisha Uha kwa usiku, ilikuwa imechukua siku 51. Haraka yote, na hofu yote, na viboko, vilimpa faida ya siku mbili tu.

Waliagana tarehe 14 Machi 1872. Stanley akarudi pwani, akampelekea Livingstone wapagazi 57 na vitu. Livingstone akaenda kusini, akafa katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia, mwanzo wa Mei 1873. Susi na Chuma na wenzao wakaukausha mwili wake, wakaubeba mpaka Bagamoyo, zaidi ya maili 1,000, kwa muda wa miezi tisa hivi, pasipo Mzungu kuwaongoza. Alizikwa London tarehe 18 Aprili 1874, na Stanley alikuwa mmoja wa walioshika jeneza lake.

Mambo yaliyofuata ni mengi, nasi tutayapitia upesi. Mwezi wa Novemba 1874 Stanley aliondoka tena Bagamoyo pamoja na Waingereza watatu na wapagazi mamia, na mashua iliyokatwa vipande. Aliuzunguka mwambao wote wa Viktoria Nyanza, akakaa kwa Kabaka Mutesa, na katika kisiwa cha Bumbire mwaka wa 1875 akawapiga bunduki watu wengi kwa kulipiza kisasi, tendo ambalo hata Uingereza lilimletea lawama. Mwaka wa 1876 alitaka kwenda toka Karagwe mpaka Ujiji. Milima ya Uha ilikuwa kati yake na Ujiji. Lakini aliikumbuka, akaizunguka kwa upande wa mashariki. Katika njia hiyo ndefu alikutana na Mirambo, yule aliyepigana naye zamani, wakachanjiana udugu. Alifika Ujiji mwezi wa Mei, akalizunguka ziwa lote kwa siku 51, kisha akaufuata mto Kongo mpaka bahari ya magharibi, akafika Boma tarehe 9 Agosti 1877. Katika mto ule hakulipa hongo. Alipigana zaidi ya mara thelathini. Wazungu wenzake wote watatu walikufa, na wapagazi wengi walikufa. Kalulu, kijana aliyepewa Unyanyembe mwaka wa 1871 na kumpeleka hata Ulaya, alizama katika maporomoko. Wale waliosalia, Stanley mwenyewe aliwarudisha Unguja kwa merikebu, na jambo hilo tumhesabie kwa wema.

Toka 1879 hata 1884 alimtumikia Leopold, mfalme wa Wabelgiji. Alipasua njia kando ya maporomoko ya Kongo, akajenga vituo, na machifu wakatia alama zao katika mikataba ambayo hawakuweza kuisoma. Watu wa huko walimwita Bula Matari, maana yake mvunja mawe. Njia aliyoipasua ndiyo iliyotumiwa baadaye na serikali ya Leopold, ambayo chini yake watu wengi sana walikatwa mikono, wakaadhibiwa na kufa kwa ajili ya mpira na pembe, mpaka nchi ikatwaliwa na Ubelgiji mwaka wa 1908. Stanley hakuwapo mambo hayo yalipotendeka. Lakini mlango alikuwa ameufungua yeye. Safari yake ya mwisho, ya kumwokoa Emin Pasha, ilianza 1887 ikaishia Bagamoyo tarehe 4 Desemba 1889, nayo iliua watu wengi kwa njaa na maradhi katika msitu wa Ituri.

Kisha akapumzika. Alimwoa Dorothy Tennant mwaka wa 1890, akawa mbunge mjini London, akapewa cheo na Malkia mwaka wa 1899. Akafa tarehe 10 Mei 1904, mwenye umri wa miaka 63. Alikuwa ametaka kuzikwa karibu na Livingstone, lakini wakuu wa kanisa la Westminster wakakataa, akazikwa katika kijiji cha Pirbright. Yule mtoto wa nyumba ya maskini, aliyevuka bara lote, hakupata hatua chache za mwisho.

Miaka kumi baada ya kufa kwake, yaani 1914, reli ilifika Kigoma toka Dar es Salaam, na mwendo wa miezi ukawa wa siku. Leo ndege ikienda moja kwa moja hutoka Dar es Salaam ikafika Kigoma kwa saa mbili hivi. Na katika miaka ya wakimbizi wa Burundi na Kongo, ndege ndogo zimekuwa zikishuka Kibondo na madaktari na dawa, huku wakimbizi wenyewe wakija kwa miguu, watoto mgongoni na vyungu kichwani. Chini ya anga moja, wengine walipima njia kwa dakika, na wengine kwa siku.

Basi, ndugu wasomaji, katika ninyi wako wengi wanaotembea toka kijiji hata kijiji kwa kazi ya kufundisha, wengine kwa baiskeli na wengine kwa miguu, na mara nyingi mwaulizwa pale mwendako ni mbali kiasi gani. Mkiulizwa hivyo juu ya Kasulu na Kibondo, si vibaya kujibu ya kuwa ni nusu saa kwa ndege, kwa maana ni kweli. Lakini ongezeni ya kwamba mzigo wa frasila mbili huufanya mwendo huo kuwa siku kumi. Na mkiwa na haraka, kabla ya kushika njia ya mkato, mtazameni kwanza yule anayebeba.